Wanaopigwa ndio wanaotengeneza mastaa

KATIKA soka, straika kinda hapewi jina na mtu. Anafunga, anafunga tena, jukwaa linaanza kuimba jina lake, na kocha atake asitake anampanga. Kwenye mieleka ya WWE mambo ni tofauti. Kule kinda anaweza kuwa na mwili, kasi na mdomo wa kuongea, lakini kama mkongwe mwenye jina hajakubali kulala chali mbele yake hadi mwamuzi agonge sakafu mara tatu, atabaki kuwa kinda mpaka aote mvi.

Ndiyo maana orodha yangu ya mapambano bora inawaudhi washkaji kijiweni. Karibu yote, mtu ninayemsifia ni yule aliyepigwa.

Najua mtakachosema: "Si maigizo tu hayo?" Ndiyo, matokeo yanapangwa. Hapa kwetu timu ikipanga matokeo, tunataka watu wafungiwe maisha. Kule kupanga matokeo ndiyo kazi yenyewe. Lakini anayetupwa kutoka juu ya ngazi anadondoka kweli, na mgongo wake hauna stantimeni wa kumpokelea. Sasa kwa kuwa matokeo yanajulikana mapema nyuma ya pazia, swali la "nani ana nguvu" halina maana tena. Swali ni nani amekubali kumwachia nani, lini, na kwa namna gani. Kampuni zimekua kwa jibu zuri la swali hilo, na moja ilikufa kwa jibu baya.

STERINGI ALIYEGEUKA ADUI

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua kanuni moja tu: steringi hafi, na adui lazima achapwe mwishoni. Machi 23, 1997, pale Rosemont nje kidogo ya Chicago, kwenye WrestleMania 13, kanuni hiyo ilivunjwa yote kwa dakika zisizofika 25.

Bret Hart aliingia ulingoni akiwa steringi. Huyu alikuwa mtoto wa mieleka hasa. Baba yake, Stu Hart, alikuwa na chumba cha mazoezi chini ya nyumba yao Calgary, Canada, kinachojulikana kama Dungeon, na wanamieleka wengi walipita humo wakitoka wanachechemea. Upande wa pili alikuwa Steve Austin, adui, mtu wa matusi na vidole, ambaye kampuni ya WCW ilishamfukuza kazi 1995 kwa kuamini hauziki. Sheria ya siku hiyo ilikuwa moja: hakuna kubana mabega, mshindi ni yule atakayemfanya mwenzake aseme basi. Mwamuzi alikuwa Ken Shamrock, mpiganaji wa kweli wa mapambano ya bila glovu.

Walipigana hadi katikati ya mashabiki. Viti vikatumika, kengele ikatumika, waya wa umeme ukatumika kama kamba ya kunyongea. Mwishoni Bret akamfunga Austin miguu kwa Sharpshooter, ile kabali yake ya kuvunja mgongo. Austin alikuwa na damu usoni inayopita katikati ya meno, anajivuta kwa mikono, anapiga kelele, na hasemi basi. Hakusema mpaka akazimia. Shamrock ikabidi asimamishe pambano.

Kwenye karatasi, Bret kashinda. Lakini angalia kilichofuata. Bret akaendelea kumpiga mtu aliyezimia. Uwanja ukaanza kuzomea. Austin alipoamka alikataa kushikwa mkono na mtu, akaondoka mwenyewe huku akiyumba, na watu walewale waliomzomea wakati anaingia wakawa wanaimba jina lake. Steringi na adui wamebadilishana jezi ndani ya mechi moja. Mwaka mmoja baadaye Austin alikuwa bingwa wa dunia na staa mkubwa kuliko wote katika biashara hiyo.

Nimeiangalia mara nyingi na kila mara namtazama Bret zaidi. Alikuwa na mapenzi ya mashabiki dunia nzima na usiku ule aliyavua akamvalisha mwenzake.

FUNDI WA KUPIGWA

Kama kuna mtu anastahili sanamu kwa kazi ya kulea chipukizi bila kuwa na cheti cha ukocha, ni Mick Foley. Wengi mnamjua kama Mankind, yule wa kinyago cha ngozi, ambaye Juni 28, 1998 kule Pittsburgh alitupwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba, zaidi ya mita nne, akaangukia meza ya watangazaji. Ndiye huyohuyo aliyepoteza sikio la kulia ulingoni Ujerumani 1994. Mwili wake ni kumbukumbu ya ajali.

Watu wanakumbuka anguko lile wanasahau kazi yake kubwa zaidi, na kazi hiyo aliifanya mara tatu.

Ya kwanza ni Januari 2000, Madison Square Garden, New York. Triple H mkanda alikuwa nao, heshima hakuwa nayo. Mashabiki walimwona mtu wa kubebwa. Foley akarudi na sura yake ya zamani ya Cactus Jack, ile ya vita vya mtaani, wakapigana bila sheria. Triple H alitobolewa mguu na kipande cha mbao, damu ikawa inatiririka mpaka kwenye buti. Mwishowe akamkandamiza Foley uso kwa uso na pini zilizomwagwa ulingoni, akashinda. Kuanzia usiku huo hakuna aliyesema tena kuwa jamaa ni mlaini.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote tatu. Aprili 18, 2004, Edmonton, Canada. Randy Orton ana miaka 24, sura nzuri, baba na babu wote wanamieleka, na kila kitu kimemjia kirahisi. Mtoto wa bosi, tungesema. Foley akamtupa kwenye pini zilezile, mgongo wazi, na kamera ikasogea tuone zilivyoingia. Uso wa Orton pale haukuwa wa kuigiza. Akainuka, akamaliza kazi, akashinda. Ukitaka kujua Orton alitoka lini kuwa mtoto wa fulani akawa Orton, ni dakika ile.

Ya tatu ni Edge, WrestleMania 22, mwaka 2006. Miezi michache kabla Edge alikuwa ameupata ubingwa kwa kuvizia, akaukaa wiki tatu tu, akanyang'anywa. Foley akakubali kupigwa kumbo na kupitishwa kwenye meza inayowaka moto. Edge alitoka pale ameungua na anatetemeka, na haikupita miezi mingi akawa bingwa tena.

Mapambano matatu, Foley kapoteza yote matatu. Wachezaji wangapi wakongwe mnaowajua wangekubali takwimu hizo?

UHARAKA NA UVUMILIVU

Kuna somo la ukocha hapa ambalo makocha wetu wa vijana wangelipenda. Mwaka 2003 Triple H aliunda kundi la Evolution: yeye akiwa kileleni, mzee Ric Flair kama mshauri, na vijana wawili, Orton na Batista. Kikosi cha kufundishana kazi njiani.

Orton alipandishwa fasta. Agosti 15, 2004 akachukua ubingwa wa dunia, mdogo kuliko wote kabla yake. Kesho yake tu kundi likamgeuka na kumpiga, na mwezi mmoja baadaye Triple H akamnyang'anya mkanda. Uwanja haukuwa umepata muda wa kumpenda. Ilimchukua miaka kurudi pale.

Batista wakamwacha achemke taratibu. Miezi kadhaa alikuwa anamtazama bosi wake kwa jicho la pembeni bila kusema kitu, na mashabiki wakaanza kumwomba wenyewe ageuke. Februari 2005 akaambiwa achague mkataba wa kugombea ubingwa upande upi. Akaonyesha dole gumba juu, Triple H akatabasamu, kisha dole likageuka chini. Ukumbi ulilipuka kama goli la dakika ya 90. Aprili 3, 2005 pale Los Angeles, kwenye WrestleMania 21, akamlaza Triple H. Akamlaza tena Mei. Akamlaza tena Juni ndani ya kizimba.

Mara tatu mfululizo, bila visingizio. Triple H ana wapinzani wengi wanaosema alijipendelea, na kuna miaka ambayo hata mimi sina la kumtetea. Ila kwa Batista alilipa deni lote. "Kinda" mwenyewe alikuwa na miaka 36, lakini hayo tuyaache, hata huku kwetu umri wa makinda tunaufahamu.

KIWANDA KILIPO

Hakuna anayefika kwenye kupewa ushindi kama hajajifunza kuanguka. Hilo ndilo somo la kwanza la mwanamieleka yeyote: kuanguka chali. Kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisigonge, mikono unaipiga sakafuni kwa pamoja ili mshindo usambae, pumzi unaitoa. Halafu unarudia mara mia. Ulingo ule unaouona kama godoro ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, na juu yake sponji nyembamba na turubai. Kukimbia kwenye kamba nako kuna hesabu ya hatua, na wiki ya kwanza kamba zinakuachia michubuko ubavuni.

Miaka ya 2000 mwanzoni, kikosi B cha WWE kilikuwa OVW, ukumbi mdogo kule Louisville, Kentucky. Kwa wakati mmoja walikuwapo humo John Cena, Brock Lesnar, Randy Orton na Batista. Fikiria timu ya vijana moja kutoa mabingwa wanne wa dunia. Julai 2013 wakafungua kituo kikubwa Orlando, Florida, chenye ulingo saba za mazoezi, ukumbi wa kunyanyua vyuma na vyumba vya kujifunza kuongea mbele ya kamera. Vijana wake wanacheza kwenye kipindi cha NXT kabla ya kupandishwa. Ni kama Azam na akademi yake pale Chamazi: unalala, unakula, unafanya mazoezi, na kikosi cha kwanza unakiona kwa macho.

Lakini kituo kinatoa ufundi. Jina linatolewa ulingoni. Angalia Juni 27, 2002. Kurt Angle, mwenye medali ya dhahabu ya mieleka ya Olimpiki ya Atlanta 1996, anaita mtu yeyote ambaye hajawahi kupigana naye. Anatoka kijana mmoja wa OVW, nywele fupi, kaptura ya rangi moja, hajulikani na mtu. John Cena. Angle alimshinda, ndiyo, lakini kabla ya hapo alimwacha kijana amsumbue mpaka ukumbi ukaamini muujiza unakuja. Baada ya mechi kamera ikawafuata nyuma ya pazia, Undertaker akasogea akampa Cena mkono. Sekunde chache tu. Sisi tuliokuwa tunaamini Undertaker ana roho saba tukauliza: huyu ni nani anayepewa mkono na marehemu?

Hata hivyo mkono wa Undertaker haukutosha. Miezi michache baadaye Cena alikuwa karibu kuachwa, mpaka walipogundua anajua kurap. Akademi zote ziko hivyo, kuna kipaji kinakaribia kutupwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza kijana anajua nini kingine.

KAMPUNI ILIYOKATAA KUACHIA

Hiyo iliyokufa ni WCW. Miaka ya 1996 na 1997 ilikuwa inaipiga WWF kwenye televisheni wiki baada ya wiki. Iliwasajili mastaa waliokwisha kutengenezwa, Hulk Hogan, Kevin Nash, Scott Hall, na pesa ikaongea. Tatizo la kusajili mastaa waliokomaa mnalijua: wanakuja na masharti.

Walibahatika kutengeneza mmoja wao wenyewe, Bill Goldberg, aliyewahi kucheza soka la Marekani na Atlanta Falcons kabla ya kufundishwa mieleka palepale Atlanta kwenye kituo chao. Julai 6, 1998 Hogan alikubali kulala mbele yake katika uwanja uliojaa, na ilikuwa shangwe ya ajabu. Desemba mwaka uleule Nash akaukatisha mfululizo wa ushindi wa Goldberg, tena baada ya Hall kumpiga shoti ya umeme. Wiki moja mbele, Januari 4, 1999, Hogan alimgusa Nash kifuani kwa kidole, Nash akajiangusha, Hogan akawa bingwa. Kidole! Mkanda ukarudi kwa wazee, wakacheka wao kwa wao ulingoni. Machi 2001 WCW ikauzwa kwa mpinzani wake. Sababu za kifo chake ni nyingi, pesa na siasa za wenye televisheni zikiwemo, ila mimi cheti chake cha kifo nakisoma kwenye kidole kile.

WWE nao si malaika. Aprili 6, 2014, New Orleans, Undertaker akiwa ameshinda WrestleMania 21 bila kupoteza hata moja, akalazwa na Brock Lesnar. Nakumbuka ule ukimya. Mzee mmoja jukwaani alibaki ameshika kichwa, na picha za nyuso zile zimezunguka dunia nzima. Wenye kutetea wanasema Lesnar alitisha zaidi baada ya hapo. Sawa, lakini Lesnar alikuwa ameshatisha tangu 2002, alipomlaza The Rock na kuwa bingwa akiwa na miaka 25. Ushindi ule ulikuwa mali ya kijana mmoja ambaye angekula nao miaka 20. Kumpa Lesnar ni kumpa tajiri sadaka.

Na kuna lile la Kofi Kingston, mtoto wa Ghana. Aprili 7, 2019 alimlaza Daniel Bryan na kuwa bingwa wa WWE baada ya miaka 11 ya kuwa msindikizaji. Bryan alimpa kila kitu: alimtesa, akamdharau, akamwacha ainuke, na watu wazima walilia jukwaani. Ni moja ya mapambano matano ninayoyaweka juu kabisa. Oktoba mwaka huohuo Lesnar akaja, F5 moja, sekunde kumi hazikufika, mkanda umeondoka. Kupoteza hakuna shida. Ila hata salamu?

USIKU WA CENA

Desemba 13, 2025, Washington. Pambano la mwisho la Cena, mtu aliyeuza fulana duniani kote zenye ujumbe wa kutokata tamaa. Mpinzani ni Gunther wa Austria, aliyekaa na mkanda wa Intercontinental siku 666, na ambaye Julai mwaka huo alishamstaafisha Goldberg pale Atlanta. Wengi tulitaka Cena aage kwa ushindi. Gunther akamkaba shingo, akamkaba tena, na Cena akatabasamu kidogo, kisha akagonga mkono. Kasema basi.

Ukumbi uliwaka kwa hasira. Triple H, ambaye sasa ndiye mpangaji mkuu, alizomewa. Kijiweni kwetu mjadala haujaisha, na kuna mtu alisema kamwe hatafungua tena chaneli ile. Mimi niko upande wa Cena. Gunther sasa anatembea na kitu ambacho hakuna mwingine alicho nacho, na atakayemlaza Gunther atakirithi.

Tena ratiba ya usiku ule ilijaa vijana waliopangwa na wakubwa. Je'Von Evans na Leon Slater walipewa AJ Styles na Dragon Lee. Sol Ruca alipewa Bayley. Na bingwa wa NXT, Oba Femi, aliwekwa uso kwa uso na bingwa mwenyewe, Cody Rhodes.

Huyu Oba Femi ndiye ninayetaka mumfuatilie. Ni Mnigeria, jitu la miraba minne, aliyekwenda Marekani kusoma na kurusha tufe, na alirushia Chuo Kikuu cha Alabama. Alinaswa kupitia mpango wa WWE wa kusaka wanamichezo vyuoni. Hakuwa amekulia kwenye mieleka. Alianza na lile somo la kuanguka chali kama wengine. Januari 9, 2024 alimpokonya Dragon Lee mkanda wa Amerika Kaskazini wa NXT akaukalia siku 273, rekodi. Januari 2025 akawa bingwa mkuu wa NXT, akaupoteza Septemba, akaurudisha Desemba, wiki moja kabla ya Washington.

Kwa Cody hakupata ushindi wala hakupigwa, maana Drew McIntyre aliingilia na kuharibu. Nilikasirika wakati ule. Nilipoirudia nikaona Cody amefanya kazi yake: alimwacha Mnigeria ambebe, amtupe, na mara mbili tatu bingwa alionekana kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Ufundi anao, mwili anao, na watu wanaimba anapoingia. Kinachokosekana ni mkongwe mmoja wa kulala chali bila kisingizio, bila mtu wa tatu kuingia na kiti. Kijiweni tumepiga kura. Wengi wanamtaka Roman Reigns. Mimi nimesema Lesnar, ili alipe lile la Kofi.